Pampu ya Mafuta Ikigoma Mlimani

Msomaji mwenzangu, gari likizimika njiani huku kwetu, hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa. "Pampu imekwisha hiyo," atasema makanga. Abiria wa kiti cha mbele ataitikia kwa kichwa. Hata mama anayeuza viazi kando ya barabara pale Chaka atakuja na maoni yake, nayo yatakuwa yale yale: pampu. Sijui pampu iliwakosea nini watu wa Nyeri.

Mimi nimekaa likizo tatu katika gereji ya ami yangu mjini Nanyuki, nikishika tochi, nikiosha spana kwa dizeli na kutumwa chai. Huko nimeona kwamba pampu nyingi zinazong'olewa na kutupwa hazina kosa lolote. Kosa huwa kabla ya pampu au baada yake. Na kwa kuwa pampu ya lori la dizeli yaweza kumgharimu mwenyewe bei ya ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, kuihukumu bure si jambo la mzaha. Ndipo nikaonelea niwaeleze wanachama wenzangu jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, na jinsi ya kumjua mkosaji wa kweli.

Mafuta ya gari hukaa ndani ya tanki, aghalabu chini au ubavuni, ilhali injini iko mahali pengine, mara nyingi juu zaidi. Maji hayapandi mlima yenyewe, na petroli vilevile. Lazima pawe na kitu cha kuyainua. Katika magari ya zamani ya petroli, yale ya kabureta kama zile Peugeot 504 walizozipanda wazazi wetu, pampu hufungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Injini ikizunguka, mkono mdogo wa chuma huvuta kiwambo upande mmoja, nafasi ikapanuka na mafuta yakaingia. Mkono ukiachilia, springi hukirudisha kiwambo na mafuta yakasukumwa kwenda kwa kabureta. Kuna vali mbili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, kila moja ikifunguka upande wake tu. Basi, ni hayo tu! Nguvu yake ni ndogo mno. Haifikii hata paundi 10 kwa inchi mraba, ilhali gurudumu la gari dogo hujazwa hewa ya paundi 30 hivi.

Magari ya petroli ya siku hizi yana pampu ya umeme iliyozamishwa ndani ya tanki lenyewe, nayo husukuma kwa paundi 40 hivi na kuendelea. Dizeli ina mambo yake. Mna pampu mbili: ndogo huvuta mafuta kutoka kwenye tanki, kisha kubwa, ambayo mafundi huiita injekta pampu, huyapima na kuyasukuma hadi kwenye nozo kwa nguvu ya kutisha. Katika injini mpya za dizeli nguvu hiyo hupita mara 1,000 ya msukumo wa hewa tunayoivuta. Mafuta yakichomoka kwenye ufa mdogo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano, na mtu huhitaji kupasuliwa hospitalini siku hiyo hiyo hata kama haoni zaidi ya kitone. Kwa hivyo ami hamruhusu mtu kupapasa mabomba ya dizeli kwa kidole wakati injini inanguruma. Yeye hupitisha kipande cha kadibodi.

Sasa tuje kwa mlima wetu, kwa maana mlima nao una neno katika jambo hili. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na msukumo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Hilo lina maana gani kwa pampu? Pampu inayovuta haina kamba ya kufunga mafuta na kuyaburura. Inachofanya ni kupunguza hewa upande wake, kisha hewa ya nje iliyolalia mafuta ndani ya tanki ndiyo inayoyasukuma. Msukumo wa nje ukiwa mdogo, pampu hukosa msaidizi.

Tena kitu kiowevu huchemka mapema penye hewa nyepesi. Maji ya chai hapa Nanyuki huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100. (Wale wanaolalamika kwamba maharagwe ya bwalo ni magumu wawasamehe wapishi kidogo.) Petroli nayo ni hivyo hivyo. Gari la kabureta limetoka Sagana, kama mita 1,200, limepanda na mzigo mchana wa Februari, injini imekuwa tanuri. Petroli iliyo ndani ya bomba hugeuka mvuke kabla ya kufika, na pampu hubaki ikipiga mvuke bure kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka. Gari huzimika. Dawa yake ni subira: egesha kivulini, fungua boneti, funika pampu na bomba lake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ngoja nusu saa. Likiwaka, pampu haikuwa imekufa. Ilikuwa na joto.

Kisa kilichonifanya niandike makala haya, hata hivyo, kilikuwa cha lori la dizeli. Likizo moja ya Agosti lilivutwa hadi gereji kwetu lori kuukuu la Mercedes-Benz lenye nyumba mgongoni. Nasema nyumba nikimaanisha nyumba: kitanda, jiko, sinki, mapazia na friji. Wenyewe walikuwa mume na mke wastaafu kutoka Ujerumani waliokuwa wakizunguka Afrika Mashariki, na Kiswahili walikuwa wamejifunza cha kutosha kuombea maji na kuulizia njia. Walitoka Samburu. Kati ya Isiolo, iliyo kama mita 1,100, na Timau, iliyo zaidi ya mita 2,000, lori liliwazimikia mara nne. Kila mara walipumzika, likawaka, likaenda kilomita chache, likafa tena. Mtu mmoja njiani aliyejiita fundi aliwaambia injekta pampu imekwisha, na kwamba angeweza kuwatafutia nyingine. Bei aliyowatajia ilimnyima yule mama usingizi. Mwishowe lori lililobeba ngano likawavuta hadi mjini.

Swali la kwanza la ami halikuhusu pampu hata kidogo.

"Mzee, gesi iko wapi?"

Mzee yule akaonyesha pedeli ya mafuta. Kumbe kwa Kijerumani pedeli hiyo huitwa gesi! Ikabidi ami amwonyeshe kwa mikono umbo la mtungi ndipo wakaelewana.

Hapa, msomaji, ndipo gari-nyumba linapotofautiana na matatu. Friji nyingi za magari haya zaweza kutumia gesi, na friji ya gesi ina mwale mdogo unaowaka nyuma yake mchana na usiku. Haunguruma, hauonekani, kwa hivyo mwenyewe husahau kwamba amebeba moto. Ukifungua bomba la mafuta karibu na moto huo, hasa mafuta yakiwa petroli, hutapata nafasi ya kujuta. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, ni kweli, lakini wageni wale walikuwa na jerikeni ya petroli ya jenereta yao chini ya kitanda. Zaidi ya hayo, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ikalala sakafuni na kujificha pembeni. Matatu ikishika moto, kuna madirisha na milango. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na ndani yake mlikuwa na mbao, godoro na mapazia. Basi ami akafunga mtungi kwenye shingo yake, akahakikisha mwale wa friji umezimika, akatoa jerikeni nje, akafungua mlango na madirisha, kisha akaagiza chai. Hakugusa spana mpaka vikombe vilipokwisha.

Baada ya hapo alianza kuyafuata mafuta kama mtu anayefuata mfereji wa shamba uliokauka: huanza kwenye chemchemi, haanzi kwenye mahindi. Alitia kijiti ndani ya tanki akaona mafuta ni nusu. Alifungua kifuniko cha tanki akatega sikio. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua, nalo likiziba, tanki hufyonza ndani hadi pampu ishindwe. Ukifungua usikie "fyuuu" na gari likiwaka mara moja, umemaliza kazi kwa shilingi sifuri. Zamani kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, madereva waliopoteza kifuniko waliziba tanki kwa mfuko wa nailoni na kitambaa, wakaiua hewa kabisa, halafu wakalaumu, nani tena, pampu. Lakini lori hili kifuniko chake kilikuwa kizima.

Akaja kwa pampu ndogo. Chini yake palikuwa na kikombe cha glasi cha kunasa uchafu. Aliponiambia nimulike, nikaona mapovu. Juu ya pampu kuna kishikio cha kupampu kwa mkono. Alikifungua kwa kukizungusha, akalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, akapampu. Kilichotoka kilikuwa povu kama la sabuni.

"Hii imevuta hewa," akasema.

Aliendelea kupampu hadi mafuta yakatoka safi bila povu, akakaza skrubu, lori likawaka kwa mguno mmoja. Yule mama akapiga makofi. Ami akamwambia, "Ngoja kwanza, mama." Baada ya dakika kumi hivi mapovu yakarudi kwenye glasi.

Dizeli haipendi hewa. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Injekta pampu ikisukuma mafuta, nozo hufunguka. Ikisukuma hewa, hewa hujikunyata tu, nozo hazifunguki na injini hufa. Kwa hivyo pampu kubwa ilikuwa nzima, ila ililishwa povu. Swali likabaki: hewa yaingilia wapi?

Nikatumwa chini ya lori na tochi. Nilipitia bomba lote kutoka tanki hadi pampu ndogo, sikuona hata tone.

"Ami, hakuna mahali panapovuja."

"Haiwezi kuvuja. Huko inanyonya."

Neno hilo lilinikaa. Baada ya pampu, mafuta husukumwa, na tundu hutoa mafuta nje ukaliona. Kabla ya pampu, mafuta hunyonywa, na tundu huvuta hewa ndani wala halitoi kitu. Bomba huonekana kavu na safi kabisa. Hivi ndivyo watu wengi huuziwa pampu wasiyoihitaji: fundi huangalia, haoni mvujo, basi anahukumu kile kifaa cha bei kubwa.

Ami hakubahatisha. Alichukua jerikeni safi ya dizeli na mpira mpya, akauunganisha moja kwa moja na pampu ndogo, akiacha tanki na bomba la zamani kando. Lori liliwaka, likanguruma robo saa, glasi ikawa safi kama maji ya mto kule juu msituni. Basi pampu zote mbili hazikuwa na hatia, na mkosaji alikuwa kati ya tanki na pampu. Tulipoutoa mpira wa zamani na kuukunja, ufa mwembamba kama unywele ukafunguka mahali ulipokuwa ukisuguana na chasisi. Tambarare injini hunywa kidogo, hewa huingia kidogo, lori husonga. Ikipanda na ule mzigo wa nyumba, hunywa sana, hunyonya kwa nguvu, na ule ufa hupanuka. Ndiyo sababu lilikuwa likifa mlimani tu.

Nusu mita ya mpira na klipu mbili. Bei ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini Nanyuki. Yule mama aliuliza mara mbili kama ni hiyo tu.

Kwa gari la petroli la kabureta, jaribio lake ni jepesi zaidi, ila lina hatari zaidi. Huchomolewa waya wa koili ili pasiwe na cheche, mpira hutolewa kwenye kabureta ukatiwa ndani ya chupa, kisha mtu mwingine anapiga stata. Petroli ikiruka kwa mapigo, pampu inafanya kazi. Isiporuka, rudi nyuma: chujio, mpira, tanki. Usiifanye kazi hii kando ya jiko la mkaa wala mahali pa wavutaji sigara. Na ule ujanja wa kale wa kufunga jerikeni ya petroli juu ya gari au kando ya dereva, ikadondosha moja kwa moja kwenye kabureta, mimi nauita wazimu ijapokuwa umewafikisha wengi nyumbani. Tunajua petroli inavyofanya watu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 walikufa motoni.

Pampu ya umeme nayo, sikiliza kabla ya kufungua chochote. Washa ufunguo bila kupiga stata, utasikia mlio mdogo nyuma, "zzzz", kwa sekunde mbili hivi. Kukiwa kimya, anza na fyuzi, kisha rilei, halafu waya wa ardhi unaoshika kutu. Land Rover kadhaa zina swichi inayokata mafuta gari likigongwa, na barabara ya mashimo yaweza kuidanganya. Huibonyeza tu ikarudi. Katika magari yaliyogeuzwa nyumba waya ni kama kiota cha ndege: mtu ameongeza taa, mwingine pampu ya maji, mwingine chaja, wote wamejiunga pale walipoona waya. Umeme ukifika kwenye pampu ukiwa dhaifu, pampu huvuta kinyonge na huonekana kama inakufa. Na kama imechoka kweli, gonga chini ya tanki kwa kipande cha mbao huku mwenzako akiwasha. Mara nyingine huamka kwa mara ya mwisho, ikakufikisha mjini.

Pampu hizi huuawa hasa na ile tabia yetu ya "weka ya mia mbili". Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Tanki likiwa tupu daima, pampu huungua polepole na hunyonya takataka za chini. Asubuhi za Julai, baridi ya Nyeri hugandisha unyevu ndani ya tanki lililo tupu ukawa matone ya maji, nayo maji hushuka chini ya mafuta, pale pale pampu inapokunywa. Kinga kidogo cha mafuta kwenye chupa nyeupe, uache yatulie: maji utayaona chini yamejitenga.

Mafuta yenyewe huenda yakawa si mafuta. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli kwa sababu ya kodi, na wajanja wakawa wanayachanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida hiyo. Maskini mwenye koroboi akalipia dhambi ya tajiri mwenye lori, lakini hayo ni ya makala mengine. Injekta pampu haina oili yake ya kutosha, hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu, hivyo vyuma husagana. Hiyo ndiyo pampu inayokufa kikweli, na mpira mpya hautaifufua.

Jambo moja zaidi, kwa wale watakaoshika spana. Usinyonye petroli kwa mdomo ukitoa kwenye tanki, hata ukimwona fundi mzee akifanya hivyo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, na maziwa anayokimbiliwa kupewa si dawa. Apelekwe hospitali.

Na pampu ya kiwambo ikiwa imekufa kweli, dalili yake haiko kwenye pampu. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili ya injini. Kiwambo kikipasuka, petroli hupenya na kuteremka ndani ya injini, ikajichanganya na oili. Utakuta oili imepanda juu ya alama, nyepesi kama chai ya kantini, inanuka petroli. Hapo usipige stata tena, hata mara moja. Mwaga oili yote, badilisha chujio lake, funga pampu mpya, tia oili nyingine, ndipo uwashe.